Mstari wa Mita Kumi na Tatu

Nusu ya habari hii nilisimuliwa na Bi Gong Sun-rye mwenyewe, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, tulipokuwa tukipaka kabichi pilipili uani kwake. Nusu nyingine niliipata kwa binti yake, aliyekuwa akituchotea maji na kumkosoa mama yake kila alipokosea tarehe. Nimeiandika kama walivyokubaliana wenyewe.

Saa mbili kasorobo asubuhi, Tak Mi-ran anapanda ngazi za nyuma ya duka la dagaa wakavu. Anavua viatu mlangoni, anavaa ndara, anamimina chai ya shayiri kutoka kwenye chupa yake, kisha anaiwasha kompyuta. Harufu ya dagaa imeingia hata kwenye mapazia. Yeye haisikii tena.

Skrini inajaa mistari. Mingine ni njia za msituni, mingine mitaro ya maji, mingine mipaka ya mashamba. Juu ya mistari hiyo zimetapakaa nukta nyekundu, kama surua kwenye mgongo wa mtoto.

"Kila nukta ni kosa," anasema. "Mimi nalipwa kuzimaliza."

Mi-ran ana miaka arobaini na tisa. Zamani alikuwa akishona sare za shule kiwandani, mpaka kiwanda kikafungwa. Akasomea kompyuta miezi sita kwenye darasa la wilaya la watu waliopoteza kazi, na sasa ni mwaka wa kumi na moja anasafisha ramani kwenye ofisi hii ya watu wanne. Anapata won milioni mbili na laki tatu kwa mwezi. Akitoa dawa za mama yake na mafuta ya kupashia sakafu moto, kinachobaki hakijawahi kumlewesha mtu.

Kazi yenyewe iko hivi. Ramani za karatasi za zamani hupitishwa kwenye mashine, na mashine huzisoma na kuzigeuza kuwa mistari ya kompyuta. Lakini mashine husoma kama mzee aliyesahau miwani. Njia mbili zilizokutana, inaziachia mwanya katikati. Njia iliyoishia kwenye mtaro, inaipitiliza mpaka ng'ambo. Pengine mstari unajikunja na kujikata wenyewe, kama uzi uliodondoka.

"Ni kushona tu," anasema Mi-ran. "Uzi usiofika, unauvuta. Uliopitiliza, unaukata. Nyuzi mbili zilizokaa karibu mno, unazifanya moja."

Msimamizi wake, Meneja Ma Jae-pil, amebandika kanuni tatu ukutani. Mstari ulioning'inia, yaani ambao ncha yake moja haigusi chochote, ukiwa mfupi kuliko mita kumi na tano, ufutwe. Mistari miwili iliyokwenda sambamba ikiwa imepishana kwa chini ya mita nne, iunganishwe. Na ramani isitoke ofisini ikiwa na nukta hata moja.

Lakini ramani ya kumi na nne ina nukta moja. Si nyekundu tena, ni ya kijani. Na Mi-ran ameapa kwamba nukta hiyo haitatoka hapo yeye akiwa hai.

Ramani ya kumi na nne ni ya kijiji chao.

Waliotembea kwa miguu kuichora, mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa, walikuwa maofisa wawili kutoka mjini na mwanakijiji mmoja wa kuwabebea mnyororo wa kupimia. Mwanakijiji huyo alikuwa Tak Pan-su, baba yake Mi-ran. Maofisa hawakuijua milima, na Pan-su aliijua. Kila jioni alirudi nyumbani na karatasi, akachora kwa penseli njia walizopita siku ile, na kesho yake wenzake wakapitisha wino juu ya penseli yake.

"Alikuwa hapotezi risasi ya penseli," anasema Bi Sun-rye. "Akichora, kipo. Kama hakipo, hachori. Hata barua za uchumba aliniandikia mistari mitatu."

"Uliniambia miwili, Mama."

"Wa tatu ulikuwa jina lake."

Bi Sun-rye ana miaka themanini na moja. Aliolewa akiwa na ishirini na moja, akamzaa Bok-nam mwaka uliofuata. Kijiji kizima kikaanza kumwita Mama Bok-nam, na yeye akaitika kwa madaha, maana mke asiye na mtoto siku zile aliitwa "wewe" tu.

Bok-nam alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, wakati wa theluji.

Mtoto aliyekufa kabla ya wazazi wake hakuzikwa kama mtu. Hakupewa tuta la udongo, wala jiwe la jina, wala nafasi kwenye kilima cha ukoo. Baba alimviringisha kwenye jamvi la majani ya mpunga, akampeleka mlimani kabla hakujapambazuka, akapanga mawe juu yake ili mbweha wasifukue. Na mama hakuambiwa ni wapi. Watu walisema akipajua atakwenda kukaa hapo kutwa kucha, na hatazaa tena.

"Nilikuwa nimelala kwa kuchoka," anasema Bi Sun-rye. "Kuamka, jamvi halipo, mtoto hayupo. Baba yake ananawa mikono kwenye beseni. Nikamuuliza, umemweka wapi? Akasema, kula uji."

Hakuuliza tena. Haikuwa desturi kuuliza.

Siku ile ile kijiji kiliacha kumwita Mama Bok-nam. Kumwita hivyo kungekuwa kumchoma. Kwa miaka saba hakuwa na jina la kuitwa, akawa "yule mke wa Pan-su", mpaka alipozaliwa Mi-ran na yeye akawa Mama Mi-ran. Ndivyo tunavyomwita hata sisi majirani zake.

Pan-su alifariki miaka sita iliyopita. Aliondoka na siri yake. Na mzee huyu mwanamke, ambaye magoti yake sasa yanalia kama mlango, alibaki na haja moja tu duniani, nayo alimwambia binti yake siku ya arubaini ya msiba: "Mi chakula ninacho, nguo ninazo. Nataka tu kujua mwanangu kalala wapi kabla sijalala mimi."

Ramani ya kumi na nne ilifika mezani kwa Mi-ran mwezi wa nne mwaka jana. Ilikuwa na nukta nyekundu elfu moja mia tisa na sita.

Aliifurahia. Aliona mkono wa baba yake kila mahali. Aliona njia ya kisimani, njia ya kwenda kuokota njugu za msituni, njia ambayo yeye mwenyewe alianguka na ndoo akiwa na miaka tisa. Na juu ya Jiwe la Chura, mwamba mkubwa uliochuchumaa penye chemchemi, akaona mstari mfupi sana unachomoka kwenye njia kuu, unaelekea shamba la zamani la miti ya matunda, na kabla haujafika shambani unakoma. Haukuwa na kibanda mwishoni, wala kisima. Ulining'inia hewani.

"Nilicheka," anasema. "Nikamwambia Ye-seul, njoo uone, baba yangu kateleza mkono."

Bong Ye-seul ndiye mfanyakazi mdogo kuliko wote pale, na ni mwenye maneno. "Dada, kumbe na baba yako aliteleza? Mi nilidhani wako tu ndiye aliyekuwa hana kosa!"

Mi-ran akapima. Ulikuwa mita kumi na tatu. Kanuni inasema kumi na tano. Akaiamuru programu ifute yote iliyo mifupi kiasi hicho, ikafuta mia mbili na kumi na miwili kwa mpigo mmoja, na huo ukiwa ndani yake.

Kisha akaiamuru iunganishe mistari iliyobanana. Pembeni mwa shamba lile la miti ya matunda palikuwa na mistari miwili, mpaka wa shamba na mpaka wa msitu wa kijiji, imeachana kwa mita tatu na nusu. Baina yake palikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi ambao tangu zamani haukuwa wa mtu, haulimwi, haukatwi kuni. Programu ikaichukua miwili ikaifanya mmoja. Ikachagua wa juu. Ukanda ukaingia shambani.

Saa kumi na nusu jioni nukta zilikuwa sifuri. Meneja Ma alipiga meza kwa furaha. "Mwanamke ana vidole huyu! Leo supu juu yangu."

Wakala supu.

Shamba la miti ya matunda lilikuwa limeshauzwa kwa watu wa paneli za sola. Mwezi wa nane katapila la njano likapanda mlimani, na wapimaji wakavuta kamba kuonyesha mwisho wa kufyeka. Kamba ilifuata ramani.

Mwezi wa tisa, wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno, Mi-ran na mama yake walikwenda kufyeka majani kwenye kaburi la Pan-su, kama inavyopasa. Kilima cha ukoo kinatazamana na ule mlima. Mi-ran alifyeka kwa mashine, mama akakaa kwenye gazeti akang'oa magugu yaliyokuwa karibu na mkono wake. Ng'ambo ya bonde katapila lilikuwa likinguruma.

"Wanakula mpaka juu kule," akasema mama. "Baba yako angewatukana."

"Kwa nini?"

"Si ndiko alikokuwa anakwenda kunywa maji. Kila mwaka, akimaliza kufyeka hapa kwa baba yake, anachukua mundu na mfuko wake, anavuka bonde. Nikimuuliza, anasema anakwenda kunywa maji ya Jiwe la Chura, ndiyo matamu." Akang'oa gugu, akalitupa. "Tena mfuko mzito wakati wa kwenda, mwepesi wakati wa kurudi. Nani anakwenda kunywa maji na mundu?"

Mi-ran alizima mashine. Aliniambia kwamba masikio yake yaliendelea kunguruma ingawa mashine ilikuwa imezimwa.

"Mbona umesimama? Umekatwa?"

"Hapana, Mama. Jua tu."

Jumatatu alifika ofisini kabla ya wenzake. Hakuifungua ramani aliyoisafisha. Aliifungua picha ya karatasi yenyewe, kama ilivyotoka kwenye mashine kabla haijafanywa mistari, na akaikuza pale juu ya Jiwe la Chura mpaka nyuzi za karatasi zikaonekana.

Mstari ulikuwepo. Ulikuwa wa penseli tu. Wino haukupita juu yake, maana yake maofisa hawakuuona, au walioneshwa wakauacha. Na kandokando yake palikuwa na vitu ambavyo mashine haikuvisoma kabisa, tarakimu mbili ndogo kama kunguni. Moja ilikuwa 41, upande wa Jiwe la Chura. Nyingine 27, upande wa jiwe la mpaka lenye msalaba.

Wengine wangeona uchafu. Mi-ran ni binti wa mbeba mnyororo.

Baba yake alimfundisha akiwa mdogo, kwenye mchanga wa uani, kwa kamba mbili na vijiti viwili. Ukitaka kukumbuka mahali, usipime kutoka njiani, maana njia huhama. Pima kutoka vitu viwili visivyohama. Funga kamba kwenye kimoja, zungusha. Funga kwenye cha pili, zungusha. Zinapokatana, ndipo.

Akaiambia kompyuta izungushe duara la mita arobaini na moja kutoka kwenye mwamba. Akaiambia izungushe jingine la mita ishirini na saba kutoka kwenye jiwe la mpaka. Kazi hiyo ilimtaka kwanza anyooshe karatasi, kwa sababu ilikuwa imevimba na kusinyaa miaka arobaini na mitano kabatini, na hilo peke yake lilimla mpaka saa sita mchana.

Maduara mawili yakikatana, hukatana mahali pawili. Pa kwanza palikuwa katikati ya kijito. Pa pili palikuwa mwisho kabisa wa ule mstari mfupi.

"Ndipo nikaelewa kwa nini aliuchora," anasema. "Tarakimu zinakupa mahali pawili. Mstari unakuambia ni papi kati ya hapo pawili. Baba hakuteleza mkono. Aliacha maelezo, na aliyaacha mahali ambapo mtu wa kazi hiyo peke yake angeyaona. Na mimi nikayafuta kwa sababu yalipungua mita mbili."

Halafu akafanya jambo ambalo angependa asingelifanya. Akaileta mistari yake safi, akaiweka juu ya picha.

Pale maduara yalipokatana paliangukia kwenye ukanda usio wa mtu. Pan-su hakuweza kumweka mwanawe kwenye ardhi ya ukoo, na hakutaka kumweka kwenye shamba la wengine. Akamtafutia upenyo wa mita tatu na nusu ambapo hakuna mtu angemuuliza. Na kwa mstari ule mmoja aliouunganisha binti yake, mahali hapo palikuwa ndani ya eneo la katapila, kwa mita moja na sentimita themanini.

Ye-seul aliingia na mkate wa maharage mkononi. "Dada, mbona uso kama karatasi? Umeona mzimu?"

Ye-seul akaweka mkate mezani, akaketi karibu naye, akanyamaza. Mi-ran anasema ndiyo mara ya kwanza kumwona amenyamaza.

Alikwenda mlimani kesho yake, peke yake, kwa ruhusa ya nusu siku. Palikuwa pameshasawazishwa, udongo mwekundu, bapa kama meza. Dereva wa katapila, Bwana Chu Man-ho, alikuwa akila tambi kwenye kivuli cha mashine yake. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, mnene, mpole.

"Kaka, hapa palikuwa na mawe?"

"Mawe yako kila mahali, dada. Huu ni mlima."

"Yaliyopangwa."

Bwana Chu aliweka bakuli chini.

"Palikuwapo," akasema. "Madogo madogo, yamepangwa vizuri, kama mtu anayapenda. Nikasimamisha mashine, nikashuka. Nikasema labda ni mpaka wa zamani, labda kuna mwenyewe. Nikatoa ramani nikaangalia. Hakuna njia inayofika hapo, hakuna alama. Pameandikwa ni ndani ya eneo la kufyeka. Nikapanda tena."

"Uliangalia ramani."

"Nimeangalia mara mbili, dada. Mimi si mtu wa kuvunja vitu vya watu."

Siku kumi na moja Mi-ran alirudi nyumbani, akapika, akala na mama yake, akaosha vyombo, na hakusema. Siku ya kumi na mbili, mama alipokuwa akimenya maharage, Mi-ran alipiga magoti mbele yake kama mtoto aliyevunja mtungi, akamwambia yote. Ule mstari. Zile tarakimu. Ile supu aliyonunuliwa.

Mama aliendelea kumenya mpaka bakuli likajaa.

"Umekula?" akauliza.

"Mama."

"Nakuuliza umekula? Kama hujala, kula. Huko kuna kupanda."

Walikwenda asubuhi yake. Bi Sun-rye alivaa koti lake la kwendea harusi. Alibeba kopo la peremende za maziwa, zile ambazo mwaka wa surua hakuweza kumnunulia mtoto. Bwana Chu aliwafungulia geti la waya, ingawa hakuruhusiwa, akampa yule mzee mkono wa kushika.

"Karibu, mama. Taratibu hapo. Tukuite mama nani?"

Mi-ran alikuwa ameshafungua mdomo amjibie. Mama akamtangulia.

"Mama Bok-nam," akasema.

Miaka hamsini na sita hakuwa amelitamka.

Bwana Chu aliwaonesha rundo pembeni mwa mtaro, mawe yote aliyoyasukuma kutoka upande ule, yanafika kiunoni. "Yamechanganyika, mama. Nisamehe. Hayajulikani yapi ni yapi."

"Wewe kijana ndiye huyajui," akasema Bi Sun-rye.

Akakaa chini akaanza kuchambua, kama anavyochambua maharage. Mawe ya mlima ule yana makali, meusi. Baada ya kitambo akatoa moja la mviringo, laini, jeupe kama yai. Akaligeuza. Akalinusa, sijui kwa nini.

"La mtoni kwetu," akasema. "La pale ninapofulia."

Ndipo Mi-ran alipoujua mfuko mzito wakati wa kwenda na mwepesi wakati wa kurudi. Baba yake alikuwa akimpelekea mtoto jiwe moja kila mwaka, kutoka mlangoni kwa mama yake. Kilomita nne, na mgongo ule uliomsumbua mpaka kufa kwake. Miaka hamsini.

Walichambua watatu, dereva naye amepiga magoti, mpaka jua likawa utosini. Walipata kumi na tisa. Mengine yamekwenda chini na udongo, kujaza bonde. Na mtoto wa miaka mitatu, kwenye udongo ule, hata mfupa haungekuwa umebaki. Bi Sun-rye alilijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Waliyapanga upya nje ya waya, upande wa msitu. Bi Sun-rye aliweka peremende. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Ungekuwa na wajukuu sasa, wewe." Kisha akamgeukia binti yake, na hapo sauti ikapanda.

"Baba yako alinificha miaka hamsini kwa huruma. Wewe umenificha siku kumi na moja kwa woga. Nani aliwaambia mimi ni mtu wa kufichwafichwa?"

"Nisamehe, Mama."

"Unyanyue mawe hayo mawili, yamekaa vibaya."

Hakusema kwamba amemsamehe. Mi-ran aliniambia hajasema hadi leo, na yeye hajamuuliza tena.

Kilichobaki kilikuwa ni mstari. Mi-ran alipima kutoka njiani mpaka kwenye mawe mapya: mita tisa. Akauchora kwenye ramani ya kumi na nne. Papo hapo programu ikauwekea nukta nyekundu: mstari umening'inia, haufiki popote, mfupi, ufutwe.

Ipo njia ya kuikatalia programu. Unabofya nukta, unachagua iachwe kama ilivyo, nukta inageuka kijani. Lakini lazima ujaze sababu, na kwa miaka kumi na moja Mi-ran hakuwahi kuitumia hata mara moja, kwa sababu ofisi hulipwa kwa sifuri.

Meneja Ma alikuja akasimama nyuma yake. "Mi-ran, wateja watauliza."

"Waulize."

"Tutawajibu nini? Mstari unaokwenda kwenye majani?"

"Meneja, Bwana Chu alishuka kwenye mashine akaangalia ramani. Aliangalia mara mbili. Angeukuta huu, asingepanda tena."

Meneja Ma alikuna kichwa. Alikuwa amekula supu siku ile naye. Akaangalia kile kisanduku cha sababu, kilichokuwa kitupu, akasema, "Basi jaza vizuri," akaenda zake.

Mi-ran akaandika: *Unafika kwa Bok-nam.*

Lakini inabaki mistari mia mbili na kumi na mmoja. Aliifuta yote siku ile moja, na hajui ni mingapi iliyokuwa kosa la mashine na mingapi iliyokuwa maneno ya mtu. Wanaojua wana miaka themanini, tisini, na kila majira ya baridi wanapungua. Kwa hiyo ameichapisha orodha, na kila Jumamosi anakwenda kugonga milango. Mama yake amekataa kubaki nyumbani.

Jumamosi ile ya kwanza walikwenda kwa Mzee Pyo Hak-gyu, mwenye miaka tisini na mmoja, kumuuliza juu ya mstari wa mita sita nyuma ya nyumba yake. Mi-ran alimwonesha karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mzee akaivuta karibu na pua.

"Huu? Huu ulikuwa njia ya choo changu!"

"Choo, babu?"

"Choo. Na baba yako alikipima siku hiyo nikiwa ndani. Nikapiga kelele, we Pan-su, hata humu? Akanijibu, kaa tu, naandika."

Bi Sun-rye alicheka. Alicheka mpaka akamshika binti yake bega, mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipoanza kutoka hayakukubali kusimama haraka. Mzee Pyo akadhani ni kicheko bado, akaendelea kuongeza chumvi.

Mwaka ujao, anasema Mi-ran, anataka awe amefika nusu ya orodha. Anataka pia kumwomba Meneja Ma ile kanuni ya mita kumi na tano ibanduliwe ukutani, iwekwe nyingine inayosema: kabla ya kufuta, uliza mtu. Meneja amesema atafikiria. Ye-seul amesema ameshaichapisha, anangoja tu Meneja aende chakula.

Jumamosi ile ya kwa Mzee Pyo walirudi nyumbani saa tisa mchana. Sakafu ilikuwa ya moto. Bi Sun-rye alivua soksi, akajinyoosha ubavu pale penye joto zaidi, mgongo ukutani, na mkononi amelishika lile jiwe la kwanza, jeupe kama yai, ambalo alikataa kuliacha mlimani pamoja na mengine. Alisema yale kumi na nane yanamtosha mtoto. Hilo moja ni lake.

"Mi-ran."

"Naam, Mama."

"Kesho kutwa tena?"

"Jumamosi, Mama. Kwa akina Pyo tumemaliza. Sasa upande wa kinu."

"Wa kinu ni waongo," akasema, macho yamefumba. "Uliza watu wawili."

Akalala. Mi-ran alikaa kidogo akiisikiliza pumzi yake, kisha akachukua penseli na kwenye mstari wa kwanza wa orodha akaandika: *njia ya choo cha Mzee Pyo, ipo kweli.* Akahesabu iliyobaki, akaona ni mingi, akaweka kichwa chini karibu na miguu ya mama yake apumzike dakika tano tu. Penseli ilibaki imesimama kati ya vidole, ikainama polepole, ikaanguka.